Kitulo kwa kiti mwendo

Swali la kwanza ninaloulizwa ni moja: ulifikaje Kitulo na kiti mwendo? Kutoka Mbeya mpaka Chimala ni lami, hakuna neno. Shughuli inaanza unapopanda Hamsini na Saba, ile barabara ya mlimani iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake. Mimi kiuno hakina nguvu tangu ajali, kwa hiyo kila kona ilinilaza upande. Kufika kona ya kumi hivi mpwa wangu akanifunga kifuani kwa khanga kwenye siti, ndipo nikapata raha ya kuitazama tambarare ya Usangu ikibaki chini.

(Dereva wa kwanza tuliyepatana naye alipoona kiti akapandisha bei, eti kinakula nafasi ya abiria wawili. Kinakunjika! Tukamwacha.)

Tulikwenda mwishoni mwa Januari. Maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, na hiyo ndiyo mvua yenyewe. Ukitaka maua, umetaka na tope. Usitegemee vijia vya saruji kama bustani za mjini. Wenyeji wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu, lakini ni hifadhi ya taifa tangu 2005, zaidi ya kilomita za mraba 400, na ile nyanda ya maua iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari.

Adui ni yale magurudumu madogo ya mbele. Yalizama hata hatujaliacha gari vizuri. Mpwa akasukuma kwa nguvu, nusura anibwage kifudifudi. Kijana mmoja wa Matamba akaja: "Kamwene mama, tukugeuze." Wakageuza kiti, wakainua mbele, uzito wote ukakaa kwenye magurudumu makubwa, wakanivuta kinyumenyume. Nilikwenda hivyo kama mita mia mbili, nikilitazama gari likizidi kuwa dogo.

Waliponigeuza nilinyamaza. Njano, zambarau, nyeupe, mpaka ukingo wa macho. Wenzangu walipiga magoti topeni kuziona okidi kwa karibu. Mimi nilishakaa, nikainama kidogo tu. Kuna aina 45 hivi za okidi kule. Yule kijana alinionyesha moja, akasema viazi vyake watu walikuwa wakivichimba kwa magunia, vinavushwa Zambia kupikwa chikanda, kile chakula chao cha viazi hivyo na karanga. Nilishawahi kuila chikanda Tunduma, tamu kabisa. Siku ile niliona aibu kidogo.

Sasa kwa wenzangu walioumia uti wa mgongo: miguu yetu haisemi ikipata baridi. Jioni nilipovuliwa soksi vidole vilikuwa vimebadilika rangi, nami sikuwa na habari. Vaa soksi mbili za sufu, funika magoti na blanketi, mwambie mtu akukague kila baada ya muda. Mto wa kukalia usiuache nyumbani hata kama gari limejaa. Chuma cha kuzungushia magurudumu nacho kinaganda, chukua glovu.

Tulipolala njiani ndipo palinichefua. Kwenye simu waliniapia hakuna ngazi. Zilikuwa tatu, na mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti changu. Nilibebwa kama mtoto, na mwenye nyumba anacheka. Msiulize "kiti kinapita?" Waambieni wapime mlango kwa futi ya fundi, wawatajie sentimita.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya kile choo, ingawa maua hayakukosa lolote.