Uzoefu wangu na chuo cha biashara Mbeya: msimamizi wa fildi aliyekataa kushuka kwenye gari

Ada, kozi na sifa za kujiunga mtazikuta kwenye tovuti yao, sina haja ya kuzirudia. Mimi nataka kueleza jambo moja ambalo tovuti haisemi, nalo ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mwaka huu peke yake wadogo zangu watatu wameniuliza kama chuo hiki cha hapa Mbeya kinafaa, na wote nimewajibu hakifai. Jina silitaji.

Nilisoma uhasibu, miaka michache iliyopita. Maisha yalikuwa kama ya wanafunzi wengine: chumba kimoja Mwanjelwa tukilala wawili, bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa ni viazi asubuhi na viazi jioni, na ile baridi ya mwezi wa sita ambayo unaoga huku meno yanagongana. Hayo sina kinyongo nayo, kila mtu aliyapitia.

Kinyongo changu kinaanzia mwisho wa mwaka wa pili. Chuo kinakupa barua ya kuombea nafasi ya mafunzo kwa vitendo, halafu unajitafutia mwenyewe. Nilizunguka na bahasha ya kaki kuanzia Uhindini mpaka Forest, nikarudi Soweto, nikapita kwenye mabenki, halmashauri na ofisi za wakaguzi. Kila mahali jibu ni lile lile: nafasi zimejaa, acha namba ya simu. Hadi leo hakuna aliyepiga. Wenzangu waliokuwa na mjomba au baba mdogo ofisini walipata siku ya kwanza. Mimi nilipobakiwa na wiki moja, shangazi yangu anayeuza chakula Igurusi akaniambia yupo mama mmoja ana mashine ya kukoboa mpunga na hesabu zimemshinda, niende nikamsaidie, barua yangu atasaini.

Kwa asiyepajua Igurusi, unapanda kosta pale Nane Nane kwa barabara ya kwenda Iringa, unapita Uyole na Inyala, unashuka kabla ya Chimala. Ni wilaya ya Mbarali, nchi ya mpunga. Msimu wa mavuno ukifika mashine zinanguruma tangu alfajiri mpaka usiku, na vumbi la pumba linakaa kwenye nyusi za watu.

Yule mama alikuwa na umri wa mama yangu mzazi, pengine zaidi. Hesabu zake zilikuwa kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga, nyingine ukutani kwa mkaa. Alinipa meza, kiti na feni, akaniambia, "Mwanangu, mimi nakoboa mwaka wa kumi na kitu huu. Nakula, watoto wanasoma, lakini sijui kama napata au napoteza. Niambie." Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi kubwa kama ile, na sijui kama atatokea mwingine.

Nilikaa wiki nane. Naomba mnivumilie nieleze kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa kwa nini nina hasira. Kilo 100 za mpunga mkavu zikipita mashineni, ukipata mchele na chenga vya kilo 65 umshukuru Mungu. Maganda yanachukua kama kilo 20, kinachobaki ni pumba na vumbi. Mchele unakwenda sokoni. Chenga inanunuliwa na wasaga unga wa vitumbua, pumba na wafugaji wa kuku na nguruwe, maganda na wachoma tofali. Kwa hiyo malighafi ni moja na bidhaa ni nne. Mama alikuwa anaandika mchele tu. Fedha ya pumba ilikuwa inaingia kwenye kibindo cha khanga kila Jumamosi na kutokea huko huko.

Darasani tulifundishwa jambo hili kwa mfano wa petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 2, inasema bidhaa ya ziada isiyo na thamani kubwa unaweza kuipima kwa fedha utakayobaki nayo ukiiuza, kisha ukaitoa kwenye gharama ya bidhaa kuu. Niliweka mizani mlangoni kwenye pumba, nikapima kila gunia wiki tatu mfululizo, nikakaa na risiti za LUKU, yaani za umeme, nikalinganisha. Wiki ya nne nikamwita mama nikamwonyesha: pumba peke yake ndiyo ilikuwa inalipa umeme wote wa mashine. Alikaa kimya, akachukua daftari akaangalia ile namba, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Mimi si Mnyakyusa lakini ile ndaga niliielewa.

Daftari la fildi linataka muhuri kila ukurasa. Mama hakuwa na muhuri. Alikwenda Mwanjelwa kwa nauli yake akachongesha, akarudi nao jioni umefungwa kwenye gazeti. Ukurasa wa kwanza tulibandika kabla wino haujatulia, herufi zikavimba, ukasomeka nusu tu. Akaomba radhi kama aliyenivunjia sahani.

Sasa siku ya msimamizi. Ilikuwa mwezi wa tisa mwanzoni, kama si wa nane mwishoni. Walinipigia asubuhi kwamba mwalimu anapita. Mama alisimamisha mashine mbili ili pasiwe na kelele, hasara yake hiyo. Alitoa kiti chekundu cha plastiki, akakifuta kwa mkono, akaona haitoshi, akaingia ndani akaleta kitambaa alichofuma mwenyewe akakitandika. Alikuwa amepika wali wa mchele wetu, kuku wa kienyeji na mboga ya maboga. Tulisubiri mpaka saa tisa.

Gari likaja, likasimama barabarani, injini inawaka. Kioo kikashuka nusu. Nilikimbia na daftari langu na ripoti ya kurasa ishirini na tatu nikasalimia. Mama akaja nyuma yangu, amejifunga khanga mpya, akasema, "Karibu mwalimu, karibu ndani, chakula kipo tayari." Yule mwalimu ana umri wa kaka yangu. Hakusema shikamoo. Hakusema asante mama, nimeshiba. Hakumtazama kabisa. Aliniuliza mimi, "Ofisi iko wapi?"

Nikasema, "Ni hapa hapa, mwalimu."

"Hapa? Nimekuuliza ofisi, binti, sikukuuliza mashine."

Nikaanza kumweleza habari za pumba, nikafungua ripoti kwenye jedwali lenyewe. Hakuipokea. Alichukua daftari tu, akaliweka juu ya usukani, akaona ule muhuri uliovimba, akatikisa kichwa. Akaandika mstari mmoja, akanirudishia kupitia dirishani na kuniambia, "Uhasibu haufanyikii kwenye pumba." Kioo kikapanda, gari likaondoka. Dakika tano hazikutimia.

Mama alikuwa bado amesimama. Alichoniuliza ni kimoja: "Amesema atarudi kula?"

Mimi sijawahi kumtukana mtu mzima, na hapa sitatukana. Ila mtu anayeshindwa kumpa shikamoo mama wa watu aliyesimamisha mashine yake kwa heshima yake, huyo anafundisha nini darasani? Tena chuo kinamlipa mtu huyo posho ya safari ya kusimamia fildi. Kusimamia maana yake ni nini kama hakusimama?

Matokeo yalipotoka, fildi nilikuwa nimefeli. Maelezo: mahali pa mafunzo hapakidhi vigezo. Vigezo hivyo hatukuwahi kupewa, si kwa karatasi wala kwa mdomo. Nilikwenda ofisi ya taaluma, nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Nikaandika ya pili. Dada wa dirishani alikuwa anaipokea, anaigonga muhuri wa kupokelewa, anaiweka juu ya rundo, na kila nikirudi rundo limekua. Fildi nikairudia mwishoni mwa mwaka wa tatu. Wenzangu walivaa joho, mimi nilikuwa kwenye ofisi moja mjini, nzuri, sakafu ya vigae, natoa kopi na kuchemsha chai wiki nane. Leja sikuigusa hata kwa kidole. Msimamizi alikuja, si yule, akakaa, akanywa chai niliyoichemsha, akanipa alama za juu sana. Mwaka wangu mmoja umekwenda kwa ajili ya vigae.

Hapa ndipo nilipokuwa nataka niishie, niseme msiende, basi. Lakini nitakuwa mwongo nikisema chuo hakikunipa kitu. Yule yule wa kwenye gari ndiye aliyenifundisha uhasibu wa gharama, na darasani alikuwa hodari. Alikuwa anaingia bila karatasi, anaanza na swali, anatuacha tubishane nusu saa ndipo anatoa kanuni. Ule mfano wa petroli ni wake. Bila yeye nisingejua pumba niiweke wapi, ningeiandika mapato mengine nikaendelea. Hilo linaniuma kuliko lingekuwa la mwalimu mjinga. Kwa hiyo kwa upande wa darasa nawapa haki yao: wanafundisha. Anayetaka misingi ya gharama na kodi ataipata, ataisikia vizuri, nadhani hata nje ya Mbeya hakuna vyuo vingi vinavyowazidi.

Baada ya kupata transkripti niliomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, nikaitwa Dodoma kwenye usaili wa kuandika, tukajaa ukumbi mzima kwa nafasi za kuhesabu vidole. Sikupita. Miezi ikaenda, nikawa nyumbani namsaidia mama yangu genge. Siku moja simu ikaita, ni mama wa Igurusi. Benki ilikuwa inataka vitabu vya miaka miwili ili wampe mkopo wa ghala, na alikuwa ameendelea kuandika, mwenyewe, kwa jedwali langu, pumba kwenye safu yake na chenga kwenye safu yake. Kila Jumamosi. Nilipofungua lile daftari nililia mbele ya mteja.

Mkopo ulitoka. Jirani yake akaniita, na jirani wa jirani. Leo natunza vitabu vya mashine tano, Igurusi na Ubaruku, pamoja na duka moja la pembejeo. Nawasajilia majina ya biashara BRELA, nawafuatilia TIN, yaani namba ya mlipakodi, nakwenda nao TRA wakati wa makadirio, kwa sababu mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu anasikilizwa tofauti na anayekuja na mikono mitupu. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, nafanya, ya Mei au ya Novemba kutegemea msimu. Bodi ya Mikopo nao wananidai, nalipa. Kazi yangu yote, kila shilingi, imetoka mahali palipoandikwa kwamba hapakidhi vigezo.

Halafu hivi karibuni nikakutana na binti wa mwaka wa pili kwenye kosta. Tukaongea. Akaniambia somo la gharama ni zuri, mwalimu ana mfano wa mashine ya mpunga: mchele, chenga, pumba, maganda, kilo 65, kilo 20, na jinsi pumba inavyolipa umeme. Nikamwuliza mara mbili. Pumba inalipa umeme? Ndiyo dada, ndiyo mfano wake. Nakala ya ripoti yangu nilikuwa nimeikabidhi chuoni na ile barua ya kwanza. Kwa hiyo ilisomwa. Kuna mtu aliisoma, akaielewa, akaiona inafaa kufundishia, na alama zangu akaziacha zilivyo.

Kwa dakika chache nilifurahi, sitaficha. Watoto wa Mbarali wanasikia darasani habari za mpunga wa kwao badala ya petroli. Halafu nikashuka Igurusi miguu inatetemeka. Ile haki ya darasa niliyowapa hapo juu, naiondoa nusu. Anayeuliza kama aende, aende akijua hili: ajitafutie fildi yenye kazi ya kweli, aombe vigezo kwa maandishi kabla hajaanza, na kila barua abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na kama ana uwezo wa kwenda chuo kingine, aende kingine.

Wiki iliyopita barua imefika mashineni, ya chuo kile kile, mwanafunzi anaomba nafasi ya fildi. Ni yule binti wa kwenye kosta. Nilimsomea mama nikamwambia mimi nataka tumkatalie. Aliinyoosha juu ya meza, akatoa muhuri wake kwenye droo, ule ule, akaupulizia vumbi.

"Mtoto mpokee," akasema. "Mwalimu wake akija, ashuke kwenye gari."