TAHADHARI: Kijana muuza wevumeka (pampu ya kuzungusha maji ndani ya tanki) feki, kaniulia samaki na nusura aniulie mtoto

Jamani naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira, mnivumilie. Kuna kijana anauza vifaa vya tanki la samaki mtandaoni, anasema yuko Kariakoo, ana maneno matamu huyo, salamu zake za heshima, na ni tapeli wa kutupwa. Jina silitaji kwa sababu nimeshafungua RB na askari kanambia nitulie kwanza, ila wengine mkisoma mtamjua hapo hapo, maana najua siko peke yangu.

Tanki langu mnalijua na shida yake mnaijua, nimewasumbua nayo vya kutosha. Kanista, ile filta ya nje ya tanki, inamwagia maji kulia, kule kushoto nyuma ya mawe maji yamelala, kinyesi kinajikusanya, juu kunatanda ule utando kama mafuta. Na hawa samaki wangu, duboisi, kwao ni Ziwa Tanganyika, kwenye mawe ya pwani, hawajazoea maji yaliyokufa. Alafu joto la Dar mwezi wa pili mnalijua, na maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo, kwa hiyo unahitaji maji yazunguke na uso wa maji uvunjike vunjike ndo hewa iingie. Ndo nikawa natafuta wevumeka.

Sasa huyu kijana. Nilivyomtumia meseji WhatsApp hakunitajia bei, kaanza na shikamoo dada, akaniuliza tanki lako lina urefu gani upana gani kimo gani. Nikamwambia 120 kwa 50 kwa 50. Hapo hapo kanijibu hiyo ni lita 300 dada angu, ukitoa mawe na mchanga maji hayafiki hata 260. Akaniuliza mawe umeyaegemeza kioo cha nyuma au umeacha nafasi? Filta inatolea wapi? Una samaki gani? Nilivyomwambia ni wa Kigoma akanisalimia Kiha! Mimi mtoto wa Ujiji, niambieni nani asingefungua moyo. Akanambia wale wa mawe wanataka maji yote ya tanki yazunguke walau mara kumi kwa saa, kwa hiyo chini ya lita 3,000 kwa saa usihangaike, na mimi nakupa ya lita 6,000 ili usikae unaongeza ongeza. Watu mtanambia mbona uliamini. Niliamini kwa sababu alichosema kilikuwa sahihi! Hayo hayo ndo nimekuwa nikiyasikia kwa wafugaji wa siku nyingi. Muuzaji wa hovyo huwa hata hajui lita kwa saa ni nini, huyu alikuwa anajua kuliko mimi.

Alafu akanipigia ya video. Nikaona tanki kubwa, karatasi nyeusi kwa nyuma, pampu imebanwa kwenye kioo kwa sumaku, akaniambia dada angalia hapa, akachukua chakula cha samaki akamwaga juu, kile chakula kikazunguka tanki zima, kikashuka chini, kikapita nyuma ya mawe kikatokea upande wa pili. Mimi nimesimama jikoni na simu nashangaa, nasema hiki ndo kitu nakitafuta mwaka mzima. Bei laki na ishirini. Nikaomba apunguze, akagoma kwa adabu, akasema dada hii ina wati 12, ya wati tatu ninayo ya elfu thelathini lakini siwezi kukuuzia utakuja kunilaumu. Hapo ndo alipomaliza kazi. Mtu anakukataza kununua cha bei rahisi, wewe utasema ni mwizi?

Nikamlipa. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, akasema ni la mke wake, yeye laini yake imejaa. Sawa.

Boda kaja usiku, mtaa mzima giza umeme hakuna, anaharakisha nisaini kwamba nimepokea, eti mama nina mizigo mingine. Boksi zuri, limefungwa na nailoni. Nampigia yule kijana namwambia siwezi kujaribu umeme haupo, akasema afadhali dada angu, maana hii haitakiwi kuwashwa siku hiyo hiyo, iloweke majini usiku kucha ili sumaku izoee maji, na ule mpira wa hewa utoe kabisa, mapovu yanagongana na mkondo. Kwa sauti ya upole kabisa. Nikaiweka majini, nikautoa mpira wa hewa.

Asubuhi nawasha, inanguruma, mkondo hata majani ya plastiki hayatikisiki. Nampigia, akapokea! Akanambia usiizime, inajizoesha, ikifika jioni itakuwa kali mpaka utaipunguza. Nikaenda kazini. Nilipompigia mchana keshanipiga bloku, WhatsApp bloku, ukurasa wake siuoni.

Narudi nyumbani nyumba nzima haina umeme, dada wa nyumbani kajua umekatika mtaa mzima kumbe ni kwangu tu. Breka imeshuka. Yaani ile pampu ilivujisha umeme kwenye maji, breka ikajikata, kanista nayo ikazima, mpira wa hewa nilishautoa kwa ushauri wake, samaki wakakaa mchana kutwa kwenye joto bila mkondo wala hewa. Wote juu, midomo wazi. Majike yangu mawili yalikuwa yamebeba mayai mdomoni, mnajua nimesubiri kiasi gani. Waliobaki ni watatu na sijui kama watapona.

Fundi umeme alikuja usiku huo huo, akaitoa pampu, akasema hii kitu nani kakuuzia. Ile gundi ngumu inayofunika koili imepasuka, inanuka kuungua, waya wa kopa unaonekana kabisa, na kopa ikiingia majini ni sumu. Akabandua stika. Juu imeandikwa volti 220 mpaka 240, wati 12, lita 6,000. Chini yake kuna maandishi yamechongwa kwenye plastiki yenyewe: volti 110, hezi 60, lita 500. Umeme wetu ni 230! Kwa hiyo kachukua pampu ndogo ya nchi zenye umeme mdogo, kaibandika stika, kaniuzia nikaichomeke ndani ya maji. Na mwanangu wa mwisho kila jioni analisha wale samaki kwa vidole, mnamjua. Kama isingekuwa ile breka ya kuhisi umeme kuvuja, leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa. Nyumba ngapi hazina hiyo breka? Huyu siyo mwizi wa laki na ishirini, huyu ni muuaji, akamatwe afungwe, na huyo mwenye laini anayesema ni mke wake naye akamatwe, na hizo pampu zote zilizobaki stoo kwake zichomwe moto mbele yake!!

Nimerudia ile video, nilirekodi skrini kwa bahati. Chakula kinazunguka KABLA hajachomeka waya. Anachomeka baadaye, unasikia kabisa swichi inalia. Maana yake kuna pampu nyingine nyuma ya ile karatasi nyeusi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha, mwambie aizime mkiwa bado mnaongea uone maji yanatulia, kisha aiwashe tena. Na stika kwenye pampu ikwangue kwa kucha, maandishi ya kweli mara nyingi yako kwenye plastiki au kwenye plagi. Na hakuna pampu ya kulowekwa usiku kucha ndo iwashwe, fundi na wafugaji wote niliowauliza wamenishangaa, ile ilikuwa ni ya kumpa muda wa kukimbia. Jaribu kwenye ndoo, boda akiwa amesimama hapo, kama umeme haupo mzigo urudi. Mengine mtaongezea wenyewe, kichwa changu hakijatulia.

Wale watatu nimewawekea pampu ndogo ya zamani yenye sponji, nimeigeuza itazame juu ivunje uso wa maji, mpira wa hewa umerudi, na mawe nimeyasogeza mbali na kioo cha nyuma maji yapite. Cha ajabu ile kona ya kushoto imeanza kutikisika bila hata wevumeka.

Namba yake nimeshaituma 15040, na Jumatatu naenda Tume ya Ushindani na hiyo pampu na stika yake, maana wao ndo wanashughulika na bidhaa feki. Askari kasema tukiwa wengi kesi inasimama vizuri, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, siyo ya kutishia watu tu. Kwa hiyo wewe uliyeuziwa na kijana wa salamu nyingi, karatasi nyeusi nyuma ya tanki na malipo kwa jina la mwanamke, usione aibu, nitumie inboksi risiti ya malipo na namba aliyokupa wewe, na pampu yako usiitupe, na USIICHOMEKE. Mimi nina namba yake moja tu, nataka zote anazotumia kabla ya Jumatatu.