Wakili aliyetuambia hapana: ofisi ya madai ya dawa ya chunusi, Jersey City

Naandika hii rivyu kwa Waswahili wenzangu wa New Jersey na New York, hasa yule ambaye mtoto wake au ndugu yake aliwahi kumeza ile dawa kali ya chunusi, isotretinoini, wengi wanaijua kama Accutane, halafu baadaye tumbo likaharibika, maana najua matangazo ya fidia mnayaona kwenye simu kila siku na sisi tuliyaona hayohayo. Jina la ofisi naliacha, anayelitaka anifuate inbox. Nyota nawapa nne kati ya tano.

Nianze na mdogo wangu. 2009 alikuwa na miaka 17, chunusi zimejaa uso na mgongo, na si zile ndogo za kukamua, ni yale mavimbe yenye usaha ambayo akilala fulana inamganda mgongoni. Daktari wa ngozi akamwandikia isotretinoini ya jenariki, yaani nakala ya bei nafuu inayotengenezwa na kampuni nyingine, kwa miezi mitano. Dawa ilifanya kazi, nisiseme uongo, mwezi wa nne uso ulikuwa umetulia kabisa akaanza hata kukubali kupigwa picha. Midomo ilimpasuka mpaka akawa anakata chapati vipande vidogo vidogo asifungue mdomo sana, Vaseline haitoki mfukoni, na asubuhi foronya ina matone ya damu ya pua. Tuliambiwa hiyo ni kawaida na kweli hiyo dawa inakausha hivyo. Ila mwezi wa mwisho alianza kuharisha damu na hakusema, mvulana wa miaka 17 atamwambia nani jambo kama hilo, akaendelea kumeza mpaka pakiti zikaisha. Kisha ikawa inakuja inaondoka, inakuja inaondoka, na 2012 ndo akaingizwa kamera akaambiwa ana kolitisi, vidonda kwenye utumbo mpana. Tangu hapo nyumba yetu inaishi kwa ratiba ya choo.

Mwaka huu akaona tangazo, ulitumia dawa ya chunusi ukaumwa, pesa yako inakusubiri. Tukapiga. Dada aliyepokea alimuuliza maswali matatu tu, akasema anastahili, akatuma mkataba wa kusaini kwenye simu palepale tukiwa bado tunaongea. Nilipomuuliza ni kesi ya dawa gani akaanza kuzunguka, baadaye ndo tukaelewa kwamba wao wanakusanya watu wa krimu za kupaka za chunusi zenye benzoili peroksaidi, zile ambazo maabara ya Valisure ilisema Machi 2024 kwamba zikipata joto zinaweza kutoa benzini, kemikali ya kansa. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa, haihusiani na kapsuli wala na utumbo wa mdogo wangu. Na alikuwa ameshaweka kidole kwenye skrini asaini! Ofisi ile sifuri.

Hii ya pili tulielekezwa na jirani. Iko mwendo mfupi kutoka Journal Square, ghorofa ya tatu, lifti inasumbua kwa hiyo kama una mzee mpigie simu kwanza katibu awaelekeze lifti ya nyuma. Kikao cha kwanza ni bure, na kama wangechukua kesi hulipi kitu mpaka ushinde, ukishinda wanakata theluthi. Tulikwenda watatu, mimi, mdogo wangu na mama, na mama alibeba kopo la biskuti. Ndani yake kuna pakiti tupu za dawa zote za miezi mitano, stika za duka la dawa zenye tarehe, na kile kijitabu cha maelezo kimekunjwa mara nne. Alikuwa amevitunza miaka yote hiyo bila kutuambia.

Wakili, mama mmoja mtu mzima, alipoona lile kopo alivua miwani akasema hajawahi kuletewa ushahidi mzuri namna hii. Tukafurahi. Halafu akachukua karatasi ya njano na kalamu nyekundu akachora mstari wa miaka, na kila alipoweka alama mimi namtafsiria mama, na kila alama ilikuwa mlango unafungwa.

Akaanza na muda. New Jersey mtu aliyeumizwa ana miaka 2 ya kufungua kesi, na kama ugonjwa ulijificha muda unahesabiwa tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba kuna wa kulaumiwa. Mdogo wangu aliambiwa ugonjwa wake 2012, na swali la ile dawa alikuwa ameshaanza kujiuliza mwenyewe mwaka huohuo. Hesabu rahisi, 2014.

Mimi nikabisha, nikasema mbona nimesoma kuna mtu alishinda mamilioni. Hakunikatisha, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaeleza. Accutane yenyewe ni ya kampuni ya Roche, FDA, ile mamlaka ya dawa ya Marekani, waliikubali 1982, na makao yao ya Marekani yalikuwa Nutley, si mbali na tulipokaa, ndo maana maelfu ya kesi zilifunguliwa jimbo hili zikakusanywa kwa jaji mmoja kule Atlantic County. Mtu niliyemsoma ni Andrew McCarrell wa Alabama, alimeza miaka ya 90 akaishia kutolewa utumbo mpana. 2007 juri ilimpa dola milioni 2.6, ikakatiwa rufaa, kesi ikarudiwa, 2010 juri nyingine ikampa zaidi ya milioni 25, zikafutwa kwa sababu ya huohuo muda, na mahakama ya juu kabisa ya New Jersey ikamrudishia Januari 2017. Miaka na miaka anagombana na kalenda, na huyo alikuwa na bahati ya kwamba alimeza ya kampuni yenyewe.

Sisi tulimeza jenariki. Hapo nilihisi kama tumeonewa kweli. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilisema 2011 kwamba kampuni ya jenariki inalazimika kunakili lebo ya dawa ya asili vilevile ilivyo, kwa hiyo huwezi kuishtaki kwa sheria za jimbo kwamba onyo lake halikutosha. Na wakati huo Roche walikuwa wameshaiondoa Accutane sokoni Marekani, Juni 2009, wakisema ni ushindani wa jenariki na gharama za kesi. Yani mdogo wangu alikuwa anameza nakala wakati mwenye dawa ameshafunga duka! Nilimtafsiria mama hiyo sentensi mara mbili.

Akaongeza na la sayansi, hapa alikuwa makini sana na nampa heshima kwa hilo. Alisema Agosti 2018 mahakama ya juu kabisa ya New Jersey ilikubali wataalamu wa upande wa wagonjwa wasisikilizwe kuhusu ugonjwa wa Crohn, ugonjwa wa utumbo wa jamii moja na kolitisi, kwa sababu walizipita tafiti kubwa ambazo hazikuona uhusiano wakashikilia ushahidi mdogo mdogo, na kesi zaidi ya 2,000 zikaanguka kwa pamoja. Mdogo wangu akamuuliza moja kwa moja, kwa hiyo si dawa iliyoniumiza? Akamjibu kwamba yeye si daktari na hawezi kumwambia ndiyo wala siyo, anachoweza kumwambia ni kile ambacho mahakama itakubali kusikia.

Halafu akakifungua kile kijitabu cha mama. Akakilaza mezani akakinyoosha kwa kiganja, akatafuta kwa kidole, akatuonyesha mstari. Kiingereza kidogo kidogo, kwamba ukipata maumivu makali ya tumbo, kuharisha, au damu kutoka njia ya haja kubwa, acha dawa umpigie daktari. Ulikuwepo muda wote. Kwenye kopo.

Mama hasomi Kiingereza, mdogo wangu hakusoma kwa sababu kila pakiti ilikuwa na picha ya mama mjamzito imepigwa mstari wa kukatazwa, dawa hii inaharibu mtoto tumboni vibaya sana na ndo onyo kubwa kuliko yote na ni sawa liwe kubwa, lakini mtoto wa kiume akiona ile picha anaona karatasi yote haimhusu. Kila mwezi alikuwa anathibitishwa kwenye iPLEDGE, ule mfumo wa lazima wa kuzuia dawa hii isimfikie mjamzito, kabla ya kupewa dawa, fomu zimesainiwa, na hakuna hata mmoja aliyekaa na mama akamwambia kwa lugha anayoielewa, ukiona damu simamisha. Hili ndo linaloniuma mpaka leo kuliko hizo pesa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu kwenye simu waliahidi mkalimani wa Kiswahili, tumefika hayupo, fomu zao zipo kwa Kihispania, Kireno na Kiarabu tu. Kumwambia mama yako mzazi kwamba muda umepita, kwa mdomo wako mwenyewe, si kazi ya kumpa mtoto wake. Niliwaambia, wakili akaomba radhi.

Mengine yote walifanya vizuri. Hawakutusainisha kitu, hawakutuuzia matumaini, saa nzima na dakika ishirini hawakudai senti. Kama ndugu yako anameza sasa hivi au ameacha juzi na ameanza kuona damu, nenda kwao wiki hii usisubiri, beba stika za duka la dawa na pakiti, na kwa daktari nenda kabla ya kwenda kwao.

Kabla hatujatoka alituandikia MedWatch kwenye ile karatasi ya njano, ni sehemu ya FDA ambapo mtu yeyote anaweza kuripoti madhara ya dawa, huhitaji wakili. Usiku tulikaa mezani jikoni tukajaza, mdogo wangu anaandika, mama ameshika tochi ya simu anamsomea namba ya loti kwenye pakiti, tarakimu moja moja, na alipomaliza akairudia yote tangu mwanzo ahakikishe hajakosea.