TAHADHARI: Anakuuzia mlio, anabaki na masega yako

Wenye Golf GTI, Polo GTI, Swift Sport na magari mengine madogo yenye moto hapa Dar, nisomeni kabla hamjampelekea gari mtu anayejitangaza Instagram kwa video za egzosi zinazopasuka kama baruti. Nimepigwa shilingi milioni 2.8, na hela ndiyo sehemu ndogo ya hasara: amebaki na masega yangu, yaani kile kifaa kwenye bomba la moshi kinachosafisha gesi zenye sumu. Jina la fundi na la gereji silitaji kwa sababu shauri liko polisi na RB ninayo, ila namna anavyofanya kazi nitaieleza yote. Hata akibadilisha akaunti mtamjua kwa mwenendo wake.

Gari langu ni Golf GTI kizazi cha tano, la mwaka 2007, nililoagiza Japani. Injini ni ya lita 2.0 yenye turbo, na kutoka kiwandani inatoa farasi 200 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 280. Miaka mitatu sikuligusa zaidi ya kumwaga oili. Nilichokuwa natamani ni ile wanayoita steji 2: daunpaipu pana, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye turbo, egzosi mpya hadi nyuma, na kompyuta ya injini kuandikwa upya ili turbo isukume hewa zaidi. Ikifanywa na mtu anayejua, injini hii inaibeba vizuri.

Yule bwana alinijibu ndani ya dakika tano. "Kaka, hiyo naitoa na farasi 265, bomba zote chuma cha pua 304, siku mbili tu unachukua chuma chako." Hakuuliza gari limetembea kilomita ngapi. Hakuuliza naweka petroli gani. Na hapo ndipo ningepaswa kusimama, kwa sababu injini hii ina kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kemshafti, ile shafti inayofungua vali za injini, na pampu ya petroli ya presha kubwa. Kikombe hicho huliwa. Kikitoboka, kemshafti inaanza kusagana na pampu, presha ya petroli inaanguka, na bili unayokuja kuletewa si ya kikombe tena. Fundi wa kweli anafungua boliti tatu za pampu na kukitazama kabla hajaigusa kompyuta. Ataangalia na ile vali inayoachia hewa ya turbo, maana mpira wake huchanika. Huyu hakufungua hata boneti mbele yangu.

Nikatuma milioni 1.5 ya kuanzia. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake. Akasema namba ni ya mke wake. Gari nikakabidhiwa usiku, saa mbili na nusu, kwenye gereji isiyo na kibao. Nilipoliwasha, kifua kilitetemeka. Nikiachia pedali linapasua pa-pa-pa hadi mbwa wa mtaa wanaamka. Nasema ukweli, nilifurahi sana, na nikammalizia hela palepale.

Ile milipuko si nguvu, tuelewane. Ni petroli inayoendelea kumwagwa wakati umeshaachia pedali, huku cheche zikicheleweshwa, ili moto umalizikie nje ya silinda. Joto lake linaishia kwenye vali za kutolea moshi na kwenye turbo. Kuiwasha kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache, na ndiyo maana matapeli wanaipenda: mteja anasikia kitu, anaamini amepewa kitu.

Wiki ya pili mke wangu akaanza kulalamika kichwa kila tukikwama foleni ya Mwenge. Nikadhani ni joto. Jumapili moja binti yetu wa miaka sita akalala kiti cha nyuma, na nilipomwamsha tumefika nyumbani akatapika. Ndipo nilipoinamisha kichwa ndani ya gari na kuisikia vizuri ile harufu ya petroli na moshi. Kaboni monoksidi yenyewe haina harufu wala rangi. Kinachonukia ni wenzake inaotembea nao, na mimi nilikuwa nimeizoea harufu hiyo kwa sababu nilikuwa naipenda. Hapa ndipo ninapokasirika kila nikikumbuka.

Kesho yake nililipeleka kwa mzee mmoja wa Tegeta, akaliingiza juu ya shimo. Alianza kwa kutoa sumaku mfukoni. Chuma cha pua cha 304 sumaku haikishiki, au inakishika kwa shida. Kwenye bomba langu ilinata kama imegandishwa. Lilikuwa bomba la chuma cha kawaida lililopakwa rangi ya fedha, na kwa hewa yetu ya chumvi lilikwisha anza kutu kwenye kila kiungo. Kile kipande cha kunyumbulika kinachotakiwa kuwa karibu na injini hakikuwepo kabisa. Injini ya Golf imelazwa kwa upana, kila ukikanyaga inajipinda mbele na nyuma, na bomba lisilonyumbulika lazima lipasuke mahali. Langu lilipasuka penye kuchomelewa, chini ya kiti cha abiria wa mbele.

Na masega hayakuwepo. Bomba tupu, unaona upande wa pili.

Akachomeka mashine yake, akaisoma kompyuta na kuilinganisha na faili la kiwandani. Presha ya turbo ni ileile ya siku gari lilipotoka Ujerumani. Vilivyobadilishwa ni vitu viwili: ile milipuko, na ile namba ya hitilafu, P0420, inayowasha taa ya injini masega yasipofanya kazi. Ameizima ili nisijue. Kwa hiyo sikuongezewa nguvu ya maana. Nimeondolewa kifaa cha thamani kuliko vyote kwenye mfumo wa moshi, kisha gari limefungwa mdomo lisiniambie.

Mtauliza kuhusu karatasi ya dyno, ile mashine inayopima nguvu ya gari. Alinitumia WhatsApp, imechorwa vizuri, namba ya gari imefunikwa kwa kidole. Imeandikwa farasi 265 kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, na torki ya juu kabisa Nm 280. Chukueni kalamu. Torki zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 7,121, unapata farasi. 280 mara 5,500 gawanya kwa 7,121 ni 216. Ili ufike 265 kwenye mizunguko hiyo unahitaji torki ya kama Nm 343. Yaani aliinakili 280 kutoka kwenye takwimu za kiwandani, akapachika 265 kutoka kichwani mwake, na hesabu ya darasani ikamkamata. Tangu nianze kuulizia nimewapata wenzangu wawili, mwenye Polo GTI na mwenye Audi A3. Wote wana karatasi hiyohiyo, mchoro uleule, mpaka kidole kilekile.

Nilipompigia kudai masega yangu akasema, "Yale yalishakufa kaka, niliyatupa." Mjini hapa hakuna anayetupa masega. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanajulikana na kila fundi. Masega halisi ya gari la Ulaya ndiyo yaliyomfanya anipe "ofa" ya siku mbili. Mimi nilimlipa aniibie.

Ukitaka kufungua njia ya moshi, yapo masega ya michezo yenye vitundu 200 kwa inchi ya mraba, wakati ya kiwandani kwa kawaida huwa na 400 au zaidi. Moshi unapita kwa urahisi na bado unasafishwa kiasi. Mwambie fundi unataka hayo, na kila kilichotolewa kirudishwe mikononi mwako siku hiyohiyo, hata kama ni chakavu. Piga picha chini ya gari kabla hujamwachia. Upimaji wa nguvu ufanyike ukiwa umesimama pale, kabla na baada. Akianza kusema muda hakuna, chukua funguo zako.

Yeyote aliyewahi kumwachia gari bwana mwenye video za milio na karatasi ya 265, aliingize juu ya shimo leo, hasa kama anabeba watoto. Akikuta bomba tupu, aniandikie faraghani, maana afande anayeshika faili letu ameomba walalamikaji wengine waje na karatasi zao. Na ndugu zangu mnaonunua masega: yangu ni ya Golf 5, na namba yake inaanza na 1K0. Mkiletewa, nawaomba mnipe taarifa kabla hamjayavunja.