Chumba cha miezi minne kwenye mji wa kodi ya miezi sita (Magomeni, Mtwara)

Wenye haraka jibu hili hapa: chumba nakipa nyota tatu na nusu, mwenye nyumba tano, dalali sifuri na hata hiyo sifuri nimemwonea huruma. Wengine tukae.

Mimi ni mtu wa Msambweni, Kwale, pwani ya Kenya. Nasomea ualimu wa Kiswahili na historia na nimekuja Mtwara semista moja tu, mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Februari na mitihani ndani yake. Hosteli zilikuwa zimejaa tukaambiwa tutafute mtaani. Kabla sijatoka nyumbani nilitafuta mtandaoni mtu aliyeandika chochote kuhusu vyumba vya kupanga huku, nikapata hoteli za ufukweni na picha za minazi, na mimi sikuja kuogelea. Ndo maana naandika.

Safari sitaieleza sana, Lunga Lunga unavuka Horohoro, Tanga, nikalala Dar kwa shangazi, alfajiri basi, daraja la Mkapa, Nangurukuru watu wanashuka kula, Lindi, Mtwara unafika jioni miguu imevimba huwezi kuvaa kiatu. Kesho yake nikapewa namba ya dalali.

Nikamwambia natafuta bedsita. Akaniangalia. "Dada, unataka single au masta?" Kumbe huku single ni chumba kitupu choo kiko nje mnashea, masta choo na bafu viko ndani, na bedsita ya kwetu yenye kakona ka kupikia hapa hakuna anayeijua kwa hilo jina. Sawa, single. Akataka elfu kumi ya kuonyeshwa, yaani kabla sijaona hata kitasa cha mlango. Nikatoa, mgeni utafanyaje.

Cha kwanza kilikuwa Shangani karibu na bahari, laki moja kwa mwezi, nikageuka mlangoni. Cha pili hakina dirisha, kina tundu lenye wavu, na dalali analisifia hilo tundu kwamba linaingiza hewa. Cha tatu ndo hiki cha Magomeni, elfu arobaini. Na kote kutatu wimbo ulikuwa mmoja.

"Kodi miezi sita."
"Mimi nakaa minne."
"Utalipa sita."
"Na hiyo miwili inayobaki?"
"Itakuwa umeshalipia."

Nilicheka mpaka akanuna. Hakuwa anatania. Kwa Wakenya mnaosoma: kwetu tumezoea kulipa mwezi kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, huku mwenye nyumba anataka fungu, mwenye roho nzuri miezi mitatu, wengi sita, wengine mwaka mzima, alafu dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja juu. Piga hesabu: 240,000 ya kodi na 40,000 ya dalali ni 280,000, na shilingi yetu ni karibia ishirini za huku, kwahiyo kama elfu kumi na nne za kwetu zinatoka siku moja na bado huna pa kulala maana chumba ni kitupu. Kitupu kweli kweli, mpangaji aliyetoka alikuwa ameondoka na balbu, holda inaning'inia peke yake.

Asubuhi yake nikarudi bila dalali. Msinihukumu, hela yake nilimpa baadaye, ila nilitaka kuongea na mwenye nyumba uso kwa uso. Mlango wa mbele nikagonga weee hakuna kitu, nikafuata moshi mpaka uani nikamkuta bibi mmoja mtu mzima, ndo mwenye nyumba, anakaanga korosho. Debe limepasuliwa ubavu likatobolewa matundu, limekaa juu ya mafiga, korosho na maganda yake zinachuruzika mafuta na yale mafuta yanashika moto wa kweli, moto unapanda kifuani kwake, yeye anachochea kwa mti mrefu uso kaugeuzia ukutani. Alafu ghafla anapindua debe zima mchangani na kuzifukia haraka haraka mpaka moto ufe. Ule moshi usiuvute, unakereketa koo siku nzima.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu, kaa kule, upepo unakuja upande wako."

Nikakaa, akanipa kipande cha chuma na jiwe, tukawa tunagonga maganda. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kwale, Kenya. Akasema Kwale hapajui. Nikamwambia kuna Wamakonde wengi tu. Hapo akasimamisha mkono. Nikamweleza ninachokijua, kwamba walitoka kusini wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa kule Ramisi, wakazaa na kuzeeka pale bila kitambulisho, mpaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, na 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Bibi akakaa kimya kidogo, akasema mdogo wake babu yake alienda "mkongeni huko kaskazini" na hakuonekana tena. Akaniuliza kama nawajua kwa majina. Nikamwambia bibi mimi Mdigo, lakini nitamuuliza baba.

Tukaendelea kugonga. Nikamweleza habari ya miezi minne. Akafikiria, akasema: "Lipa minne. Ila kitanda utaniachia."

Mwanzoni nilijua ni huruma. Baadaye nikakaa nikaona bibi ni mfanyabiashara kuliko dalali: mimi nanunua kitanda, mimi naondoka, yeye anabaki na chumba chenye kitanda ambacho mwanafunzi mwingine wa semista atakilipia zaidi bila kelele. Na mimi sina pa kukipeleka kitanda, nikibebe kwenye basi mpaka Msambweni? Tukapeana mikono, mikono yenyewe myeusi kwa mafuta ya maganda, na yangu ikababuka vidole viwili, wiki nzima nashika kalamu kama nashika kaa la moto. Mkataba tuliandika kwenye karatasi ya daftari tukaupeleka serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga mhuri, kwisha. Usipuuze hiyo hatua, ndo mtaa unakujua, na ikitokea la kutokea una karatasi.

Sasa chumba chenyewe. Ukubwa unatosha, kitanda tatu kwa sita, meza, ndoo, na bado unapita. Sakafu ya sementi safi. Bati halina silingi, na hapo ndo nyota moja ilipopotelea: Novemba saa nane mchana mule ndani unaiva, nilikuwa nasomea chini ya mwembe na mimi sikuwa peke yangu, kuku pia. Desemba mvua zikaanza, zikipiga lile bati huwezi kuongea na simu, mama alidhani nimemkatia. Kona moja inavuja. Nilimwambia bibi, fundi akaja baada ya wiki mbili akaziba, ikahamia kona ya pili, akaja tena. Chandarua beba au nunua siku ya kwanza, sio ya tatu.

Choo ni nje, cha kumwaga maji, wapangaji sita. Kisafi, kuna zamu na bibi anaisimamia kama jeshi. Saa kumi na mbili asubuhi kuna foleni, ukiwa na kipindi cha saa moja amka kumi na moja. Maji ya bomba yanatoka siku kadhaa hayatoki siku kadhaa kwahiyo lazima uwe na akiba, na hapa nilipata aibu yangu ya kwanza ya Kiswahili. Nimeenda dukani nimesema naomba mtungi wa lita ishirini, muuzaji akanionyesha mitungi ya gesi. Kwetu mtungi ndo wa maji! Huku ni dumu. Wiki hiyo hiyo nikaomba leso ya kujifunga nikapewa kitambaa cha kupengea kamasi. Kanga, wanasema kanga. Mimi ndo nasomea kufundisha hiyo lugha, mjue.

Gesi nayo, nilijua nikifika Mtwara nitapikia gesi ya bure karibu na bure, si ndo inatoka hapo Mnazi Bay? Nilipomwambia dada fundi cherehani wa chumba cha jirani alicheka mpaka akakaa chini. Ile inaingia kwenye bomba inaenda Dar, wewe kwenye mtungi unanunua gesi nyingine iliyokuja na meli. Nikanunua jiko la mkaa kama wenzangu.

Umeme ndo ugomvi. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja kwa nyumba nzima, kuna daftari limefungwa kamba kwenye msumari karibu na mita, kila mtu anachanga elfu tatu kwa wiki na anasaini. Kwenye karatasi ni haki tupu. Ila kaka wa chumba cha mwisho alikuwa na jiko la umeme la kificho, lile la waya mwekundu, na tulikuwa hatujui mpaka unit za wiki zikaanza kuisha Alhamisi. Bibi hakusema neno. Jumamosi saa mbili usiku, saa ya kupika, akazunguka kila chumba na kuomba tuzime taa na feni, alafu akasimama mbele ya mita na tochi mdomoni anaangalia kataa kekundu. Kanapepesa kama kichaa. Akaenda moja kwa moja mlango wa mwisho, "mjukuu wangu, wali umeiva?" Tangu siku hiyo kaka analipa elfu sita. Kama unakuja na birika la umeme au pasi sema mapema, usijifanye mjanja, yule bibi anaisoma mita kuliko fundi.

Chakula hakimo kwenye kodi lakini ukikaa uani unakula. Nilikuja na hamu ya mahamri na mbaazi za nazi nikijua nimeviaga, kumbe mbaazi huku zimejaa, wanalima kwa mauzo kabisa, na bibi anazipika na tui zito mpaka nikasahau kuuliza mahamri yako wapi (hayapo, kuna maandazi, sio kitu kimoja na sibishani na mtu). Ugali wa muhogo ulinichukua wiki tatu kuuzoea, unavutika kuliko wa mahindi, ila na kisamvu cha nazi sasa hivi nautafuta mwenyewe. Ming'oko pia mjaribu, ni mizizi ya porini wanachemsha, nusu kama kiazi nusu kama sijui nini. Samaki nenda Feri mwenyewe asubuhi, pale kwenye kivuko cha Msangamkuu, usingoje wa kutembezwa mtaani saa sita.

Kitu kingine cha mahali, kaeni mkijua msimu wa korosho ukichanganya hela zinaingia mjini na kila kitu kinapanda kidogo, boda aliyekupeleka chuo kwa buku (elfu moja) anataka buku jero (elfu moja mia tano) na anakuambia "msimu huu dada" kama ni sheria. Chumba utafute kabla ya hapo au ufunge bei kwenye karatasi kama mimi. Na wikendi moja ya mwanzo panda gari uende Mikindani, sio mbali, milango ya nakshi ya kule ilinikumbusha Mji wa Kale Mombasa na ndo siku pekee mwezi wa kwanza sikulia usiku. Ndio nililia, nani halii.

Kwa nini sio nyota tano basi? Bati, kuvuja, choo cha mbali ukiumwa tumbo usiku. Na kitanda, maana elfu tisini nimeacha pale na moyo unauma kidogo japo mkono nilitoa mwenyewe. Ukijumlisha hiyo tisini na kodi ya minne ni 250,000, yaani ukitazama vizuri kwenye ile 240,000 ya miezi sita nimezidisha elfu kumi! Tofauti ni kwamba nilikilalia kitanda changu mwenyewe, na kitanda ningekinunua hata ningelipa sita.

Natoka wiki ya mwisho ya Februari. Chumba kitakuwa wazi, kitanda kipo, godoro la inchi sita nimemuuzia dada wa cherehani kwahiyo njoo na lako, balbu nimeiacha. Mwambie bibi moja kwa moja unakaa miezi mingapi, usimtangulize dalali, na muda mzuri ni asubuhi kabla jua halijawa kali, mchana analala. Mlango wa mbele usihangaike nao, umevimba kwa mvua haufunguki, zunguka uani upige hodi. Na kama unatokea pande za Kwale atakuuliza jina la yule mdogo wake babu yake, baba bado anaulizia kule Ramisi.