Godoro la sufi limekwisha, hili ndilo lililoshika nafasi yake

Nimelala kwenye godoro la sufi, ile pamba ya mti wa msufi, miaka 24. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenishonea nilipoolewa, kule Pangani, sufi ikachambuliwa uani kwake na wanawake watatu waliojiziba pua kwa kanga. Nalitanguliza hili kwa sababu anayetoka kwenye sponji kwenda sponji ana kipimo chake. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kukaa mahali pa sufi, na hapa Tanga kazi hiyo imenichukua karibu mwaka.

Aliyewahi kulilalia anajua. Lilikuwa gumu lakini haliumizi nyonga. Kaskazi ikifika, usiku hewa imesimama na shuka limelowa, godoro lenyewe linabaki kavu. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani na nta kwa nje, haunywi maji. Zamani sufi ilijazwa hata kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Na likifanya madonge hulitupi: unamwita fundi, anafumua, anachambua, anaanika, anashona upya. Nimefanya hivyo mara nne.

Mara ya tano, mwaka jana baada ya masika, fundi alifumua upande mmoja akaniita. Akachota sufi kiganjani, ikamwagika kama unga. "Mama, hii haichambuki tena. Nikiirudisha ndani mtalala na vumbi." Mume wangu alikuwa akikohoa kila alfajiri. Sikubisha. Lakini siku lilipotolewa nje nilikaa barazani muda mrefu.

Godoro la kwanza nililonunua lilikuwa la sponji, futi 5 kwa 6, inchi 8. Muuzaji aliniambia ni hai densiti, yaani sponji nzito, akaniambia nilibonyeze kwa kiganja. Nikabonyeza, likainuka palepale, nikaamini. Baada ya miezi mitano lilikuwa na bonde pande zote mbili, na katikati tuta. Nilivuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo nikapima kwa rula: shimo la upande wa mume wangu lilikuwa inchi 2. Nikarudi dukani. Wakaniambia waranti ni ya mishono ya kitambaa, si ya kubonyea. Iliniuma sana, maana pesa ile tuliidunduliza.

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye ghala la mazao. Ndiye aliyenifundisha jambo ambalo natamani kila mnunuzi alijue: godoro la sponji lipimwe kwenye mizani. Alilipandisha lile letu, likasoma kilo 9. Godoro la futi 5 kwa 6 la inchi 8 lina ujazo wa karibu mita 0.57 za ujazo. Gawanya 9 kwa 0.57 unapata kama 16, yaani kilo 16 kwa kila mita ya ujazo. Sponji ya namna hiyo sehemu kubwa ni hewa. Ukilibonyeza kwa mkono linainuka kama kawaida, lakini haliwezi kubeba watu wazima wawili kila usiku.

Nitakuwa mkweli, na sisi tulilikosea. Chaga za kitanda chetu zilikuwa tano tu, zimeachana shibiri nzima. Sufi ilivumilia kwa sababu ilishikana, sponji ikazama kwenye nafasi. Tena nililianika juani kila Jumamosi kama nilivyozoea. Sponji haitaki jua. Upande niliouelekeza juu uligeuka manjano, ukaanza kupukutika.

Safari ya pili nilibeba mizani ya kuning'iniza. Maduka mawili walikataa nisipime. La tatu kijana akanisaidia kulifunga kamba na kulinyanyua: kilo 17, kipimo kilekile cha 5 kwa 6 inchi 8. Hiyo ni kama kilo 30 kwa mita ya ujazo. Nikamwomba nilale. Nililala ubavu robo saa nzima, watu wakipita, bega na nyonga vikatulia bila kugusa chini. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Kabla ya kuliweka tuliongeza chaga zikawa kumi, na nailoni niliivua siku hiyohiyo. Najua wengi huiacha ili godoro lisichafuke, ila inafungia jasho na joto. Harufu ya upya iliisha baada ya siku nne, madirisha yakiwa wazi.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu tulinunue. Uzi nimeuvuta tena wiki iliyopita: kidole hakipiti chini yake. Mgongo wangu uko sawa.

Joto ndilo lililonishinda. Wiki ya kwanza ya kaskazi nilihamia kwenye mkeka. Sponji hata nzito inashika joto la mwili na kukurudishia. Hapo nikampigia shangazi Muheza, ambako kuna msufi nyuma ya nyumba, akaniletea kiroba cha kilo 5 za sufi mpya. Fundi yuleyule akanishonea godoro jembamba la kitambaa cha marudufu, unene wa inchi 2, akalipiga vifundo ili sufi isihame. Linakaa juu ya sponji. Usiku wa kwanza niliposikia ule mlio wake mdogo nilipogeuka, nikalala hadi adhana.

Kasoro zipo. Hili la juu huteleza, tumelifunga kwa utepe pembe zote nne. Kutandika sasa ni kazi ya watu wawili. Ukingo wa sponji unalegea pale mume wangu anapokaa kuvaa viatu, na naona hapo ndipo litakapoanza kuchoka. Na sufi hushika moto upesi: dawa ya mbu ya kuchoma nimeitoa chumbani, tunatumia chandarua tu.

Kama huna pa kupata sufi, bado ningekushauri ununue sponji nzito ya kupimwa kwa mizani, na juu yake utandike mkeka mwembamba chini ya shuka miezi ya joto. Shemeji yangu anafanya hivyo na ameridhika. Jumamosi zangu hazijabadilika sana. La sufi linakwenda juani uani, la sponji nalisimamisha kivulini karibu na dirisha, na kikohozi cha alfajiri hatujakisikia tangu mwezi wa pili.