Gitaa kavu moja la maisha: lipi ununue, lipi uliache

Ukitaka gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, la kukaa nalo mpaka uzeeni, usianze kwa kuuliza lipi lina sauti tamu. Ukishapanda bei kidogo, karibu yote yana sauti tamu. Uliza hivi: baada ya miaka ishirini likichoka, fundi ataweza kulifungua?

Nyuzi sita za chuma zikishakazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, usiku na mchana. Hakuna mbao isiyosalimu amri. Shingo huinama mbele kidogo kidogo, ubao wa mbele hutoa kitumbo nyuma ya daraja (kibao cha usoni kinachoshika nyuzi), nyuzi hunyanyuka mpaka vidole vinauma. Dawa yake ni kuitoa shingo na kuifunga upya kwa pembe sahihi. Kwa gitaa la bei poa, kazi hiyo inazidi bei ya gitaa lenyewe, kwa hiyo linaishia kutundikwa ukutani.

Kwa kigezo hicho, mimi ninayapanga hivi.

1. Taylor, mfululizo wa 300. Kampuni hii ya California hufunga shingo kwa boliti. Fundi anafungua, anabadilisha kibao chembamba kilichokatwa kwa pembe, anafunga. Hakuna mvuke wala gundi ya kuyeyusha. Kwa mtu anayeishi Mwanza au Bujumbura, mbali na fundi bingwa wa magitaa, hilo peke yake linatosha kuliweka juu. Mengi ya mfululizo huu yana mgongo na mbavu za sapele, mti wa misitu ya Afrika ya Kati, na uso wa spruce, mti wa jamii ya misonobari, vyote mbao nzima na si plaiwudi. Kasoro zake ni mbili: sauti yake inang'aa mno kwa masikio ya baadhi yetu, na likiwa jipya hukaribia au kupita dola 2,000.

2. Yamaha LS16 ARE. Pesa ikiwa yangu, hapa ndipo ningeanzia, kwa sababu bei yake inakaribia nusu ya hilo la kwanza. Uso ni spruce ya Engelmann, mgongo ni rosewood, mbao ngumu na nzito, vyote mbao nzima. Shingo imegandishwa kwa vipande vitano vya mbao, na shingo ya namna hiyo haipindi kirahisi. ARE ni njia ya kiwandani ya kuzeesha ubao wa mbele kwa joto, unyevu na mgandamizo, ili gitaa jipya lisikike kama lililopigwa miaka. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni maneno ya biashara. Ukilisikia, kebehi inapungua. Nimelishusha nafasi moja kwa sababu shingo imegundishwa, na kuitoa kunahitaji fundi anayejua anachofanya.

3. Martin D-18 au 000-15M. Martin wanatengeneza magitaa tangu 1833, na hakuna fundi wa magitaa duniani ambaye hajawahi kulishika moja. Huo ni mtaji: kila ugonjwa wake unajulikana na una tiba. Lakini angalia mwili wako. D-18 ni pana, na mtu mfupi akilikumbatia bega linapanda. Ukiwa na miaka 25 huhisi kitu, ukiwa na 60 utahisi. 000-15M ni dogo zaidi, mahogani tupu mbele na nyuma, sauti kavu yenye joto. Kwa wanaopiga kwa vidole, mwili mdogo una faida nyingine: besi haimezi nyuzi nyembamba. Msikilize Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952: kidole gumba na cha shahada tu, na kila uzi unasema peke yake. Muziki wa namna hiyo unataka gitaa linalotenganisha sauti kuliko linalonguruma.

Usichanganye haya na Martin za bei ya chini za mfululizo wa X. Mwili wake ni wa tabaka za karatasi na gundi, jamii moja na fomaika ya meza za jikoni. Ni zuri kwa safari na mvua, ila si la kurithisha.

4. Yamaha FS800. Uso mbao nzima, mgongo na mbavu plaiwudi, na bei yake hukaa karibu na dola 250. Mtu wa Tanga au Mombasa asione aibu kulichagua. Plaiwudi haingurumi kama mbao nzima, lakini haipasuki ovyo. Gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles lilikuwa Gallotone Champion kutoka Durban, la plaiwudi, na ndani lilibandikwa karatasi iliyodhamini kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 155,000.

Magitaa ya nyuzi za nailoni nayapita haraka: kama unapiga klasiki, Cordoba C7 inatosha. Ila tafadhali usilifunge nyuzi za chuma. Halikujengwa kwa mvuto huo, na daraja litang'oka.

Sasa dukani, hasa ukinunua lililotumika. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka kutoka juu hadi chini bila kukatika, uso ni mbao nzima, ukiona tabaka kama za mkate wa kusukuma, ni plaiwudi. Kisha chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti (vile vichuma vinavyokatiza shingo) katikati ya shingo, isukume mpaka ifike kwenye daraja. Ikipita juu kidogo ya mbao ya daraja, shingo ni nzima. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imeshainama, na muuzaji akusikilize kwenye bei. Mwisho pima urefu wa uzi mnene kutoka freti ya 12: milimita 2 hadi 2.5 ni sawa, 4 ni mateso.

Nyumbani, nunua kipima unyevu kidogo. Mbao nzima hupenda asilimia 45 hadi 55. Masika ya Dar hulivimbisha, kiangazi cha Dodoma hulikausha, na hita za Toronto au Stockholm ndizo muuaji mkubwa kuliko vyote. Buti ya gari juani usiijaribu kabisa.

Kuhusu karatasi za kuvuka mpaka: tangu mwisho wa 2019 ala zilizokamilika za rosewood ya kawaida hazihitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Rosewood ya Brazili bado inabanwa, na ndiyo Martin walitumia kwenye D-28 hadi 1969. Ukipewa ofa ya gitaa la zamani hivyo kutoka nje, na muuzaji hana hati yake, liache huko huko.